Mwenye Uwezo na Anayeweza: Msamiati wa Haki na Usomaji wa Rosa Mistika

Mwaka 1979, katika mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha Stanford, mwanauchumi na mwanafalsafa wa Kihindi Amartya Sen aliuliza swali ambalo limewashughulisha wananadharia wa haki tangu hapo: tunaposema watu wawe sawa, tunataka wawe sawa katika nini? Majibu yaliyokuwapo hayakumridhisha. Wanafalsafa wa manufaa walipima kuridhika kwa watu. John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alipima mgawo wa mahitaji ya msingi: haki za kiraia, nafasi, kipato na misingi ya kujiheshimu. Sen aliona kwamba kipimo cha kwanza hudanganywa na mazoea ya dhiki, kwa kuwa aliyezoea kunyimwa huridhika na kidogo, na kwamba cha pili huhesabu vitu bila ya kuuliza vinamfaa nini aliyenavyo. Tukiwapa baiskeli moja moja mtu mwenye miguu na mtu asiye na miguu, mgawo uko sawa lakini safari haiko sawa. Kwa hiyo alipendekeza tutazame kile ambacho mtu anaweza kweli kuwa na kutenda. Kuanzia hapo mkabala huu ulikua. Mwaka 1990 uliingia katika ripoti ya kwanza ya maendeleo ya binadamu ya Umoja wa Mataifa, iliyosimamiwa na Mahbub ul Haq, na mwaka 2000 Martha Nussbaum aliupa sura ya orodha ya mambo kumi ambayo kila katiba yenye haki ingepaswa kuyalinda.

Msomaji wa Kiswahili anayetaka kuingia katika mjadala huu hujikwaa kizingitini. Tafsiri inayokuja mdomoni kwanza kwa istilahi kuu ya Sen ni "uwezo". Ni tafsiri ya haraka na, kwa maoni yangu, ni tafsiri mbaya. Inarudisha kimyakimya jambo lilelile ambalo Sen alijitahidi kuliondoa. Makala haya yanadai kwamba sarufi ya Kiswahili ina njia bora kuliko hiyo, na kwamba suala lenyewe halikomei kwenye istilahi, kwa sababu mkanganyiko uliomo katika neno "uwezo" umo pia katika usomaji uliozoeleka wa riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971).

Neno na jamaa zake

Katika Kiswahili cha kila siku, "mwenye uwezo" ni mwenye fedha. Mkuu wa shule anapowaomba wazazi wenye uwezo wachangie madawati, hakuna mzazi anayedhani kwamba anaulizwa juu ya uhuru wake. Kila mmoja anajua kwamba anaulizwa juu ya mfuko wake. "Asiyejiweza" naye ni fukara, au ni mzee na mgonjwa anayelishwa na wengine. Ukitoka kwenye mfuko unaingia kwenye mwili. Kwa watu wa pwani, "hawezi" bila ya kitenzi cha kufuatia maana yake ni kwamba anaumwa, na matumizi hayo yamo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Ukitoka kwenye mwili unaingia kwenye mabavu, kwani "simwezi" ni kukiri kwamba mtu fulani amenizidi. Mali, afya, nguvu: maana zote tatu zinaliweka jambo ndani ya mtu au mkononi mwake. Hakuna hata moja inayomlazimisha msemaji kuitazama barabara, sheria, mila, mwajiri au mume.

Hapo ndipo penye hasara. Tukisema kwamba haki ni kuwapa watu uwezo, sikio la Kiswahili litasikia kwamba haki ni kuwapa watu mali. Hiyo ni hoja ya Rawls iliyopunguzwa makali, wala si hoja ya Sen.

Umbo la neno nalo linachangia. Nomino yenye kiambishi u- na kiishio -o inakaa pamoja na ufunguo na ufagio, yaani vyombo ambavyo mtu anavyo au hana. Sidai kwamba kila nomino ya umbo hilo ni chombo, na asili ya neno peke yake haithibitishi kitu. Lakini tazama linavyotumika katika sentensi: mtu "ana" uwezo, uwezo huwa mkubwa au mdogo, huongezwa na kupunguzwa, na sentensi hukamilika bila ya kutaja ni uwezo wa kufanya nini. "Baba yake ana uwezo." Nukta. Kitenzi chake hakikubali jambo hilo kwa urahisi. Ukisema "Rosa anaweza" bila ya muktadha, msikilizaji atangoja: anaweza nini? Ukitumia kitenzi-jina, "kuweza kwa Rosa kukataa", umelazimika kumtaja mtu na kutaja tendo, na umeacha nafasi ya kutaja kizuizi. Nomino inafuta mahusiano ambayo kitenzi-jina kinayahifadhi.

Kwa sababu hiyo napendekeza tuseme "mkabala wa kuweza", na pale inapohitajika urefu tuseme "kuweza kuwa na kutenda". Yale ambayo mtu tayari anayo au anayafanya, ambayo Sen anayatofautisha na anayoweza kuyachagua, tuyaite "hali na matendo". Si maneno ya kupendeza sana. Lakini Nussbaum mwenyewe, anapofika kwenye orodha yake, huandika vifungu vyake kwa umbo la kitenzi: kuweza kuishi umri wa kawaida wa binadamu, kuweza kuwa na afya njema, kuweza kucheka na kucheza. Kitenzi-jina kinambeba bila ya taabu, ilhali "uwezo wa uhai" au "uwezo wa afya" ni maneno ambayo hata aliyeyaandika angeshindwa kuyaeleza.

Mapendekezo mengine nimeyapima. "Uwezekano" umeshachukuliwa na hesabu na utabiri, kama katika uwezekano wa mvua. "Fursa" ni kitu kinachopita mbele ya mtu na kumlaumu asiyekidaka. Wito wa kuchangamkia fursa, ambao siku hizi hauishi katika hotuba, una tabia ya kumgeuza aliyezuiwa kuwa mvivu. "Uwezeshaji" ndio wenye hadhi ya serikali, kwani Tanzania ina Sera ya Taifa ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi tangu mwaka 2004. Ila kauli ya kutendesha inambadilisha kiima. Katika "serikali inawawezesha wananchi", anayetenda ni serikali, na wananchi wamekuwa yambwa. Julius Nyerere alikuwa makini zaidi katika jambo hili. Katika waraka wake wa mwaka 1968, Uhuru na Maendeleo, alishikilia kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine bali hujiendeleza wenyewe. Kisarufi hoja yake yote inasimama juu ya kiambishi -ji-. Sen aliandika miaka 31 baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1999, kwamba maendeleo ni upanuzi wa uhuru wa watu, na msomaji wa Nyerere ana ruhusa ya kutabasamu kidogo.

Atakayenipinga atasema kwamba maneno hukua kwa kutumiwa, na kwamba "uwezo" ukitumiwa vya kutosha madarasani utapata maana mpya. Inawezekana. Lakini istilahi hukua vizuri pale neno la kawaida linapokuwa limelala. "Uwezo" haujalala. Kila siku unafanya kazi sokoni, hospitalini na kwenye vikao vya harusi, na mwanafunzi atakayeufunzwa asubuhi kwa maana ya Sen ataurudia jioni kwa maana ya mfuko.

Haki inayokabidhiwa

Neno "haki" lenyewe lina mwelekeo huohuo wa kuwa kitu. Haki hupewa, hudaiwa, hunyimwa, huliwa. Methali inayosema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, hutumiwa zaidi kwa maana ya kukubali sifa ya mtu hata kama humpendi. Lakini isome tena kwa maana yake ya wazi. Mnyonge ananyongwa, na katika kunyongwa huko anakabidhiwa kilicho chake. Methali haioni mgongano wowote. Haki ni fungu, na fungu likishafika mkononi mwa mwenyewe, mkono ulio shingoni si sehemu ya hesabu. Katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu haki, Sen alitumia maneno mawili ya Kisanskriti kuutenganisha usahihi wa taasisi na kanuni, niti, na haki inavyoonekana katika maisha ambayo watu wanaishi kweli, nyaya. Methali yetu inaijua ya kwanza tu, tena katika umbo lake dogo kabisa.

Hata hivyo lugha haikosi hazina upande wa pili. Mfano maarufu wa Sen ni wa watu wawili wasiokula: mmoja amekosa chakula, mwingine ameamua kufunga. Miili yao inaweza kuwa katika hali moja, lakini wa pili angeweza kula. Kiswahili hakihitaji aya nzima kuieleza tofauti hiyo. Wa kwanza ameshinda na njaa. Wa pili amefunga. Tena Kiswahili kinauchokoza mfano wenyewe. Mkata ambaye nyumbani kwake hakuna kitu, na ambaye mwezi wa Ramadhani ametia nia, amefunga kweli, ingawa hata asingefunga asingekula. Hakuna atakayethubutu kumwambia kwamba saumu yake si saumu. Hapa kuweza kula hakuko, lakini tendo ni lake. Sen aliliona tatizo la jinsi hii katika mihadhara yake ya Dewey ya mwaka 1984, alipotenga manufaa ya mtu na utendaji wake, yaani malengo anayoyashika hata pale yasipomnufaisha. Nadhani mfano wa mkata anayefunga unaonyesha utengano huo kwa uzito kuliko mifano aliyoitumia yeye. Nauleta hapa pia kwa sababu kutokula kwa namna mbili kutatufaa tunapofika Namagondo.

Rosa: kunyimwa na kufunga

Rosa Mistika inasimulia habari za msichana wa Ukerewe, binti wa Zakaria na Regina. Zakaria ni mlevi na mkali. Anapogundua barua ambayo Rosa ameandikiwa na Charles, anampiga. Rosa anakua akiwa amefungiwa mbali na wavulana, anakwenda shule ya wasichana, kisha chuo cha ualimu. Njiani analaghaiwa, anaingia katika maisha ya kubadilisha wanaume, anatoa mimba. Mwishoni Charles anarudi katika maisha yake, na anapogundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Usomaji uliozoeleka, ambao vizazi kadhaa vya wanafunzi wameuandika katika karatasi za mitihani, ni huu: baba alimbana mno, kwa hiyo binti alipopata uhuru akautumia vibaya, wazazi wawe na kiasi katika malezi. Usomaji huo una ukweli wake, na riwaya yenyewe inauruhusu. Tatizo lake ni dhana ya uhuru iliyomo. Uhuru umefanywa dawa yenye kipimo: Zakaria alimnyima, shule ikamzidishia, mwili ukadhurika. Swali la uhuru wa kufanya nini haliulizwi.

Tuangalie kwa mkabala wa kuweza. Rosa wa nyumbani hazungumzi na wavulana. Msichana mwingine, tuseme jirani yake, naye hazungumzi nao kwa sababu ameamua hivyo. Ukihesabu hali na matendo, wasichana hawa ni sawasawa, na Zakaria, ambaye anahesabu hali tu, hawezi kuwatofautisha. Lakini jirani amefunga, ilhali Rosa ameshindishwa na njaa. Kukataa ni tendo, na Rosa hajawahi kulitenda. Fimbo imekataa kwa niaba yake. Kuweza kukataa kunahitaji mambo ambayo nyumba ya Zakaria haina: kujua maneno ya wanaume yanavyosukwa, kuwa na mtu mzima wa kumweleza bila ya kuogopa kipigo, kuaminika unaposema ukweli, kuzoea kusikia sauti yako mwenyewe ikisema hapana na dunia isianguke. Barua ya Charles ilikuwa nafasi ya kwanza ya kujifunza hayo. Ilikuwa ni barua tu, na Zakaria aliigeuza kuwa kosa.

Ndiyo maana sikubali kwamba Rosa "alipata uhuru" alipoondoka nyumbani. Alichokipata ni kutokuwapo kwa baba. Msomaji anayeita hali hiyo uhuru ameazima dhana ya Zakaria mwenyewe, ambaye kwake binti ama yuko chini ya jicho ama amepotea. Nussbaum anatenga kuweza kwa ndani, yaani stadi na hulka ambazo mtu amezikuza, na kuweza kulikokamilika, ambako stadi hizo zinakutana na mazingira yanayoziruhusu zitumike. Rosa wa Namagondo hana la kwanza wala la pili. Rosa wa chuoni amefunguliwa mazingira kwa sehemu, bila ya la ndani. Elimu aliyopewa, ambayo ripoti yoyote ya maendeleo ingeihesabu upande wa mafanikio, haikuligusa pengo hilo hata kidogo. Msichana huyu angeinua takwimu za wilaya yake.

Regina anastahili aya yake. Wapo wanaoweza kumchukua kuwa mfano wa matakwa yaliyozoea dhiki: mke anayepigwa na kuvumilia, aliyefunzwa kutotaka zaidi. Fasihi ya mkabala huu inapenda mifano ya wanawake wa namna hiyo, na mara nyingine inawapenda kupita kiasi. Sioni kwa Regina mtu aliyepumbazwa. Namwona mtu anayejua na asiye na pa kwenda. Tofauti hiyo ni kubwa kwa nadharia ya haki, kwa kuwa aliyepumbazwa anahitaji kuzinduliwa, na asiye na pa kwenda anahitaji ardhi, kipato, na ndugu ambao hawatamrudisha. Tukiuita uvumilivu wake ujinga tumempunguzia Zakaria dhambi na kumwongezea Regina.

Sasa Charles. Kijuujuu yeye ni kinyume cha Zakaria: ni kijana, ana mapenzi, aliandika barua badala ya kushika fimbo. Lakini anapogundua kwamba Rosa si bikira, anatumia kipimo kilekile cha baba mkwe wake mtarajiwa. Anatazama hali. Haulizi Rosa aliweza nini wakati huo, nani alimlaghai, wala Rosa wa sasa anaweza kuchagua nini. Kwa maoni yangu huu ndio ukatili mkubwa wa riwaya, na Kezilahabi ameuweka mahali panapostahili, yaani kwa mtu ambaye msomaji alikuwa ameanza kumtegemea. Zakaria na Charles hawapigani juu ya Rosa. Wanakubaliana.

Riwaya hii ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kwa hoja ya kuwalinda vijana. Waliofanya hivyo walikuwa wasomaji, hivyo naruhusiwa kuuhakiki usomaji wao pia. Walikutana na kitabu kinachoonyesha jinsi msichana anavyoangamia kwa kukingwa asikutane na maneno, wakaamua kuwakinga wasichana wasikutane na kitabu.

Mahali ambapo mkabala unapungukiwa

Singependa ionekane kwamba riwaya imekuja hapa kuwa mtumishi wa nadharia. Kuna mambo mawili ambayo Kezilahabi anayaona kuliko Sen. La kwanza ni wakati. Nadharia hupiga picha: huyu, leo, ana machaguo haya. Riwaya inaonyesha machaguo yakipungua, kila hatua ikiila inayofuata, hadi kifo kinapobaki kuwa tendo la mwisho ambalo Rosa anaweza kulitenda bila ya ruhusa ya mtu. Kuliita tendo hilo chaguo kunatia kichefuchefu, na kulikatalia jina la chaguo ni kumnyang'anya Rosa kitu cha mwisho alichotenda mwenyewe. Sijapata katika maandishi ya mkabala huu istilahi inayolitosha jambo hilo.

La pili ni wajibu. Sen ni hodari wa kueleza nani amekosa kuweza nini. Ni mzito kidogo kueleza nani anadaiwa. Kiswahili chetu kina udhaifu kama huo, na umejificha katika kauli ya kutendeka. Dawa hazipatikani. Barabara haipitiki. Haiwezekani. Kauli hiyo ni hodari kwa kuweka kizuizi duniani badala ya kukiweka ndani ya mtu, na kwa hilo ni bora kuliko "uwezo". Lakini haimkubali mtenda. "Mlango umefungwa na Juma" ni sentensi. "Mlango umefungika na Juma", kwa maana ya kwamba Juma ndiye aliyeufunga, si sentensi. Kwa hiyo karani anayesema dawa hazipatikani amesema kweli na amemficha mtu kwa wakati mmoja.

Kitenzi ambacho jamii yetu imekichagua kwa wasichana kama Rosa ni cha kauli hiyohiyo: ameharibika. Hasemwi kuwa ameharibiwa. Jaribu kumwingiza mtenda, na sarufi itamkataa. "Rosa ameharibika na Zakaria" inaweza kusomeka kwa namna moja tu, kwamba wameharibika wote wawili pamoja, na riwaya haitoi sababu ya kuupinga usomaji huo.